Kupiga Windows upya siyo kufuta: jibu kwa dada mwenye laptopu ya kikundi

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Habari kaka. Nina Dell Latitude E6430, nimeitumia miaka kama mhasibu wa kikundi chetu cha kukopeshana. Ndani kulikuwa na mafaili ya wanachama, picha za vitambulisho vya NIDA na mikataba ya mikopo. Kikundi kimenunua mashine nyingine, hii wameniruhusu nimpe mdogo wangu anaingia chuo. Nikampelekea fundi apige Windows upya, nimefika nyumbani nakuta folda inaitwa Windows.old na vitu vyangu vyote vimo humo. Nimeifuta hiyo folda na Recycle Bin nimeimwaga. Je inatosha? Na kama haitoshi naweza kufanya mwenyewe hapa nyumbani? Na niweke Windows gani maana RAM ni 4 na hadi diski ni ya GB 500."

Dada salama kabisa, na asante kwa kuuliza kabla hujaikabidhi mashine, wengi wanauliza ikishafika mkono wa tatu.

Haitoshi. Hiyo folda ya Windows.old inatokea pale fundi anapoinstoli Windows juu ya ile ya zamani bila kufomati kitu chochote, yaani Windows mpya inachukua vya zamani vyote inavisogeza pembeni inaviwekea folda alafu yenyewe inakaa. Kwahiyo fundi wako hata kufomati hakufomati. Na hata angefomati bado nisingekwambia umemaliza, kwasababu ile fomati ya kwenye kuinstoli Windows ni ya haraka, sekunde chache imeisha, na kitu cha GB 500 hakiwezi kufutika kwa sekunde chache. Inachofuta ni ile orodha inayosema faili fulani liko sehemu fulani ya diski. Faili lenyewe linabaki palepale mpaka siku kitu kingine kije kiandikwe juu yake. Ulivyomwaga Recycle Bin umefanya hichohicho, umefuta orodha.

Kama unataka uhakikishe mwenyewe usiniamini mimi, shusha Recuva, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, ni ya bure, iweke kwenye flashi, iambie itafute picha kwenye C na uchague "Deep Scan". Kaa kama saa moja. Utaona vitambulisho vya wanachama vinarudi kimoja kimoja, vingine nusu, vingine vizima na sura inaonekana. Mdogo wako hana nia mbaya najua, ila laptopu ya chuo inaazimwa, inapelekwa kwa fundi, inauzwa ikifika mwaka wa tatu.

Na hili siyo jambo la huku kwetu tu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha kazi yao ya kununua hadi diski used 158 sokoni. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na katika hizo zilizokuwa zimesafishwa vizuri ni 12 tu. Kwenye zingine walikuta namba za kadi za benki na barua za mambo ya matibabu ya watu. Waliouza wengi wao bila shaka waliamini wamefuta. Alafu kwako kuna uzito mwingine, zile ni taarifa za watu waliokuamini, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi hapa Tanzania, kikundi kikikusanya vitambulisho vya watu kina wajibu navyo mpaka mwisho, siyo mpaka siku mashine inapotoka ofisini.

Kabla ya kufuta chochote, hakikisha unachokihitaji umeshakitoa. Najua umesema kikundi kina mashine nyingine, ila nenda kafungue mafaili kwenye hiyo mashine mpya, usiangalie majina tu, fungua Excel ya mikopo na usome mstari wa mwisho uone kama ndo ule ulioandika wewe. Kisha kopi ya pili iwe kwenye hadi diski ya nje. Watu wanasahau vitu vya kwenye Desktop, Downloads, alama za kurasa kwenye brauza, na paswedi walizoziseva humo. Na kama ulikuwa unatumia Tally hapo, ile programu ya uhasibu, leseni yake iachie kwanza kutoka ndani ya Tally yenyewe, wao wanaita "surrender", maana ukishafuta diski leseni inabaki imeshikwa na mashine ambayo haina tena Tally na utaanza kupigiana simu na wauzaji. Kama fundi alishaiondoa kwa kupiga Windows, basi anza kuwatafuta saivi kabla kikundi hakijakwama.

Sasa afya ya diski. E6430 imetoka mwaka 2012, na kama bado ina hadi diski yake ya mwanzo ile ya kuzunguka, hiyo imeshachoka hata kama inawaka. Weka CrystalDiskInfo uifungue, juu kushoto kuna kibox kinaandika "Good" kwa bluu, "Caution" kwa njano au "Bad" kwa nyekundu. Chini kwenye orodha tafuta mistari miwili, ule wenye namba 05 unaitwa Reallocated Sectors Count na ule wenye C5, Current Pending Sector Count. Angalia safu ya mwisho kulia, iwe sifuri zote. Ikiwa kuna namba pale, maana yake diski imeshaanza kuharibika sehemu zake na imezihamisha au imeshindwa kuzisoma, na hapo usimpe mwanafunzi diski hiyo, ripoti ya fildi itapotea wiki ya kuwasilisha.

Na hapa nikwambie ushauri wangu wa kweli ambao ningempa hata dada yangu wa kuzaliwa: toa hiyo hadi diski kabisa, ibaki kwako, na mnunulie mdogo wako SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi, ndogo ya inchi 2.5 ya SATA, GB 240 au 256 inamtosha kabisa. Kwenye E6430 diski inatoka kirahisi, unazima, unatoa betri, unafungua skrubu mbili zinazoishika, unaivuta kwa pembeni inatoka na fremu yake, unahamisha fremu kwenye SSD unarudisha. Data za wanachama hazijatoka mikononi mwako, na mashine yenyewe utashangaa. Laptopu ya 2012 yenye i5 haina shida ya prosesa kwa kazi za chuo, kinachoifanya ionekane imezeeka ni ile diski inayozunguka. Pesa ikibaki ongeza RAM ifike 8, ina sehemu mbili za kuchomeka na inatumia DDR3 za laptopu ambazo used zipo nyingi. Lakini kama ni kuchagua kimoja, anza na SSD.

Ila umeuliza kufuta na yawezekana bajeti haipo, basi tufute.

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu cha maana maana itafutwa yote, na kompyuta nyingine ya kutengenezea. Mimi nitakuelekeza kwa Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwasababu flashi moja itafanya kazi zote mbili, kufuta na kuinstoli, na inawaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ile ya Xfce ndo nyepesi, faili lake ni kama GB 3 hivi kwahiyo shusha usiku kama una bando la usiku au nenda sehemu yenye waifai. Ishushe kwenye tovuti yao wenyewe, usichukue kwa mtu kwenye flashi. Alafu tumia Rufus, programu ya bure ya Windows, kuiandika kwenye flashi, ikikuuliza njia ya kuandika acha ile waliyopendekeza.

Chomeka chaja. Hili usilipuuze, betri za E6430 nyingi zimekufa na umeme wetu unajulikana. Umeme ukikata katikati ya kufuta hakuna kinachoharibika, utaanza upya tu, ila ukikata katikati ya kuinstoli unaweza kubaki na mashine isiyowaka mpaka uinstoli tena.

Chomeka flashi, washa, na hapohapo uwe unabonyeza F12 mpaka menyu itokee, chagua flashi yako upande wa menyu ulioandikwa UEFI. Kwa wengine wanaosoma hapa, HP ni Esc au F9, Lenovo nyingi ni F12 pia. Mint ikishafunguka, fungua Terminal, kile kidirisha cheusi, usikiogope, andika:

lsblk -d -o NAME,SIZE,MODEL,ROTA

Itakuletea mistari michache. Mmoja utakuwa na saizi 465.8G, hiyo ndo GB 500 yako, usishtuke ni namna ya kuhesabu tu, na pembeni jina la kampuni ya diski. Mwingine utakuwa saizi ya flashi yako. Safu ya mwisho, ROTA, kwa diski ya ndani ikiwa 1 maana yake ni ya kuzunguka, ikiwa 0 kwa kawaida ni SSD. Soma jina mwanzoni mwa mstari wa hiyo 465.8G, mara nyingi ni sda lakini siyo lazima, na kama una hadi diski ya nje ya kubakapu IMECHOMEKWA ITOE SASA HIVI. Watu hawapotezi data kwa kufuta diski mbovu, wanapoteza kwa kufuta diski yenye data zao wakidhani ni nyingine. Kama ni sda:

sudo shred -v -n 0 -z /dev/sda

Hiyo inaandika sifuri kuanzia mwanzo wa diski mpaka mwisho, mara moja. Itakuwa inakuonyesha asilimia inavyopanda. Kwa diski ya umri huo tegemea saa mbili, inaweza ikazidi, nenda kapike. Ikisimama sehemu moja muda mrefu na kuanza kuandika makosa ya kuandika, hiyo ni diski mbovu, rudi kwenye ushauri wa SSD.

Utasikia watu wanasema lazima ufute mara 7 au mara 35. Hiyo ya 35 imetoka kwenye andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996, wakati huo hadi diski zilikuwa za teknolojia tofauti, na yeye mwenyewe baadae alieleza kwamba kurudia zote 35 kwa diski za kisasa hakuna maana. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2014 walisema kwa hadi diski ya kuzunguka kuandika juu yake mara moja kwa kawaida kunatosha. Kwahiyo usikae siku tatu umeme unakwenda bure.

Ikimaliza hakikisha:

sudo head -c 100M /dev/sda | hexdump

Ukiona mstari mmoja wa sifuri, chini yake kinyota, chini yake 6400000, basi MB 100 za mwanzo ni sifuri tupu, kile kinyota maana yake mistari yote inayofuata inafanana. Ukiona herufi na namba zimechanganyika, haijafutika, angalia umefuta diski gani.

SSD ni habari nyingine na nisipoisema mtu atasoma hapa akaharibu. SSD ina tabia ya kuhamisha data yenyewe kwa ndani ili isichoke sehemu moja, na inaficha nafasi ya ziada ambayo wewe huioni, kwahiyo kuandika sifuri juu yake hakufiki kila mahali na unaichosha bure. Yenyewe inatumia amri ya ndani inayoitwa Secure Erase, unaipata kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza au kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) ya baadhi ya laptopu, na inaisha haraka tu.

Wale wanaotaka kubaki kwenye Windows, njia ni mbili. Ukiwa unainstoli kwa flashi ya Windows, kwenye skrini ya kwanza kabisa bonyeza Shift na F10, kinafunguka kidirisha cheusi, andika diskpart, kisha list disk, soma saizi, kisha select disk 0 kama ndo yenyewe, kisha clean all. Hilo neno all ndo kazi yote, ukiandika clean peke yake itamaliza hapohapo na haijafuta kitu zaidi ya orodha. Na haitakuonyesha asilimia, itakaa kimya masaa, usidhani imeganda. Njia nyingine iko ndani ya Windows 10, Settings, Update & Security, Recovery, "Reset this PC", "Remove everything", kisha ingia "Change settings" uwashe "Clean data". Usipoiwasha hiyo ya mwisho inafuta orodha tu, mafaili yanabaki kwenye diski. Kwako dada hii siipendi, kwasababu hatujui fundi kaweka Windows ya aina gani.

Na hilo ndo linanileta kwenye swali lako la mwisho. Andika kwenye kidirisha cha Run: slmgr /xpr. Ikisema imeaktivetiwa moja kwa moja ni dalili nzuri, ila angalia na Settings upande wa Activation kama inataja leseni ya kidijitali. Ikikupa tarehe ya kuisha basi kwa laptopu ya mtu binafsi hapo huenda kuna aktiveta ya mtaani, yaani programu ya kuiaktiveti Windows bila leseni, na hizo mara nyingi zinawekwa kwa kuzima kwanza antivairasi, yaani unampa mtu usiyemjua funguo za nyumba. Ukishajua hivyo futa yote.

Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa watu binafsi kuna nyongeza ya apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026 ukijiandikisha, baada ya hapo basi. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya mashine, na kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, yako ni kizazi cha 3. Kuna ujanja wa kuilazimisha kwa Rufus na inakubali, ila kwa RAM 4 na diski ya kuzunguka utakuwa umempa mdogo wako adhabu, na apdeti kubwa za mbele hakuna anayekuahidi zitakubali.

Kwahiyo mimi ningeweka Mint. Toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029, atakuwa ameshamaliza au anakaribia kumaliza digrii ya miaka mitatu. Ina LibreOffice inayofungua Word na Excel, Firefox imo, hauhitaji aktiveta wala ufunguo. Kabla hujaamua lakini muulize anasoma nini. Akiwa anaenda kwenye fani wanayotumia AutoCAD au programu nyingine ya Windows tu, Mint itamsumbua, na hapo ni bora aanze na Windows 10 yenye hiyo nyongeza huku mnatafuta mashine nyingine. Sheria, ualimu, lugha, sosholojia, hata wanaojifunza programu, Mint inawabeba vizuri.

Kuinstoli ni rahisi kuliko kufuta. Ukiwa bado kwenye ile ile Mint ya flashi, bonyeza aikoni ya "Install Linux Mint", chagua lugha, kibodi, kisha "Erase disk and install Linux Mint", weka jina la mdogo wako na paswedi ATAKAYOICHAGUA YEYE, dakika 20 mpaka 40 imeisha kwa diski hiyo. Vitu viwili vinawakwamisha watu baada ya hapo. Baadhi ya E6430 zina kadi ya waifai ya Broadcom ambayo haiwaki mpaka uweke draiva, sasa unawekaje draiva bila intaneti, unachomeka simu kwa waya wa USB unawasha kushea intaneti kwa USB, kisha unafungua Driver Manager inaitafuta yenyewe. Cha pili, brauza ikikataa kila tovuti ikisema muunganisho si salama, angalia saa ya kompyuta kwanza, ile betri ndogo ya duara ndani ikiisha tarehe inarudi nyuma miaka na tovuti zote zinagoma. Irekebishe tarehe, na betri hiyo ni bei ndogo tu.

Kama utachukua njia ya SSD na ile diski ya zamani ibaki kwako, usiitupe kwenye kabati bila mpango. Ikiwa nzima ifute kwa njia hiyohiyo niliyoeleza kisha utumie kasha la nje la USB, inakuwa ya kubakapu za kikundi. Ikiwa mbovu na haikubali kufutwa, izungushie taulo nene uipige nyundo mpaka usikie inachakarika ndani, sahani za diski za laptopu nyingi ni za kioo kwahiyo vaa miwani na watoto wakae mbali.

Bado kuna yule fundi. Hatujui kama alikopi kitu na siwezi kumtuhumu mtu, ila paswedi za barua pepe ya kikundi na chochote kilichokuwa kimesevika kwenye brauza badilisha leo, na kwenye akaunti ya Google ingia sehemu ya vifaa uitoe hiyo laptopu. Siku nyingine ukipeleka mashine kwa fundi kwa kazi isiyohusu diski, mwambie aitoe diski mbele yako uondoke nayo. Fundi mzuri hakasiriki.

Ukifika kwenye ile hatua ya lsblk na huna uhakika ni mstari upi, piga picha skrini unitumie kabla hujaandika shred, nitakujibu, usibahatishe.